Nembo ya Muziki Inapotundikwa Ukutani

Kwenye gati la Lamu, mahali ambapo mashua za Shela hupakia abiria, yupo nahodha mmoja wa makamo ambaye kwa wiki nzima alionekana amevaa fulana nyeusi ya mtumba yenye picha ya midomo minene iliyofunguka na ulimi mwekundu uliotolewa nje. Binti ya dada yangu, ambaye anasomea usanifu wa michoro na amerudi nyumbani kufanya utafiti wa mwaka wake wa mwisho, alimwuliza kama anaijua bendi yenye nembo ile. Nahodha akamjibu kwamba haijui, ila fulana ni nzito na rangi yake haichuji. Mchoro wa awali wa ulimi huo, ambao ni nembo ya bendi ya The Rolling Stones, ule uliotoka mkononi mwa aliyeubuni, uko London katika Jumba la Makumbusho la Victoria and Albert, ambalo liliununua mnadani mwaka 2008 kwa dola 92,500 za Marekani.

Utafiti wa binti huyu unahusu nembo za muziki na maonyesho ya sanaa ya kisasa. Aliponiletea muhtasari wake, niliona kwamba alikuwa ameyafunga pamoja mambo mawili makubwa kwa neno "na" pasipo kueleza kinachoyaunganisha, na nikamwambia kwamba kazi yote imo ndani ya neno hilo dogo. Swali lake, likivuliwa mapambo, ni hili: mchoro usiobadilika hata mstari mmoja unawezaje kuwa alama ya biashara kifuani mwa mtu na kuwa kazi ya sanaa nyuma ya kioo, na katika safari hiyo hupoteza nini na kupata nini?

Ni vyema kuanza na maneno, kwa sababu sehemu ya utata imo humo. Kiswahili kina maneno matatu yanayokaribiana. Alama ndilo pana kuliko yote, kiasi kwamba hata nyayo mchangani ni alama. Chapa ni alama iliyogandamizwa, ama kwa chuma cha moto juu ya ngozi ya ng'ombe ama kwa mtambo juu ya karatasi, ndiyo maana kitabu huchapwa. Nembo, kwa maana yake kongwe, ni chale: mkato uliotiwa mwilini ili kupamba au kumtambulisha mtu kwamba ni wa kabila fulani. Maana ya ngao ya taifa, ya klabu na ya kampuni ilikuja baadaye. Kwa bahati nzuri maana ile kongwe inaufaa muziki kuliko inavyozifaa biashara nyingine, kwa kuwa wapenzi wa bendi hujichora nembo zake mikononi na mabegani kwa wino usiofutika, ilhali mimi sijapata kumwona mtu aliyejichora nembo ya kiwanda cha saruji.

Neno "kisasa" lina tabu zaidi. Tunaposema sanaa ya kisasa tunachanganya vitu viwili ambavyo wanahistoria wa sanaa huvitenganisha. Cha kwanza ni ile harakati ya Ulaya na Marekani iliyoanza takriban miaka ya 1860 na kufifia miaka ya 1960, ambayo wahakiki wetu wa fasihi huiita usasa. Cha pili ni sanaa ya zama hizi, inayotengenezwa na watu walio hai au waliokufa juzijuzi, na ambayo haiulizi tu kama kitu kinapendeza bali huuliza kitu hicho kinafanya nini pale kilipowekwa. Mpwa wangu huyu, ambaye kwa kazi hii ni mwanafunzi wangu, kama wengi, alikuwa amesoma kuhusu kimoja na kuandika kuhusu kingine. Utafiti wake unahusu hicho cha pili, na mwaka wa kuukumbuka ni 1962, wakati msanii Mmarekani Andy Warhol alipoonyesha Los Angeles michoro 32 ya makopo ya supu ya Campbell's, yaliyopangwa kama yanavyopangwa kwenye rafu ya duka. Kabla ya hapo chapa ya biashara mara nyingi ilikuwa ikipenya katika uchoraji kwa vipande, lebo ya chupa huku na kichwa cha gazeti kule. Warhol aliifanya chapa kuwa mada nzima ya kazi, na mlango huo haujafungwa tangu wakati huo.

Hata hivyo, msafara kati ya uchoraji na nembo ya muziki una umri mrefu kuliko Warhol, tena ulianza kwa kwenda upande mwingine. Mchoraji Mwingereza Francis Barraud alimchora mbwa aliyekuwa wa kaka yake marehemu, akiwa ameinamisha kichwa mbele ya mashine ya kucheza sauti zilizorekodiwa kwenye silinda za nta. Mwaka 1899 kampuni ya Gramophone ilikubali kuinunua picha hiyo kwa sharti kwamba mashine ile ifunikwe kwa rangi na mahali pake ichorwe gramafoni ya kampuni. Barraud alilipwa pauni 50 kwa ajili ya picha na pauni nyingine 50 kwa ajili ya hakimiliki. Picha ya rangi ya mafuta ikawa nembo, na mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake waliposafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi nyimbo za taarabu, kampuni iliyowarekodi ilikuwa ni hiyo yenye mbwa. Inafurahisha kufikiri kwamba sauti iliyopendwa kuliko zote katika visiwa vya Waislamu ilinadiwa na kampuni iliyojitambulisha kwa mnyama ambaye hapa kwetu haingii sebuleni.

Jambo la kuzingatia katika kisa hicho ni kwamba nembo haikuwa ya Siti. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita mwanamuziki alikuwa na jina na sauti, na mwenye nembo alikuwa kampuni. Bendi zilianza kuwa na nembo zao pale zilipoanza kutazamwa sawasawa na kusikilizwa. Maandishi ya The Beatles yenye herufi T iliyorefushwa kwenda chini yalibuniwa mwaka 1963 katika duka la ngoma la London, kwa sababu uso wa ngoma kubwa ndio uliokuwa ukielekea kamera na hadhira. Kwa maneno mengine, nembo ya bendi ilizaliwa kutokana na nafasi tupu iliyokuwa mbele ya macho ya watu, jambo ambalo msanifu yeyote atalielewa haraka kuliko mhakiki.

Ulimi wa nahodha wetu ulifuata miaka saba baadaye. Mwaka 1970 The Rolling Stones walikitafuta Chuo cha Kifalme cha Sanaa cha London wakihitaji mwanafunzi wa kuwachorea bango la ziara, na aliyepatikana alikuwa John Pasche. Baada ya bango, mwimbaji wao Mick Jagger alimwomba nembo, akamwonyesha picha ya Kali, mungu wa kike wa Kihindu ambaye huchorwa ulimi ukiwa nje. Pasche alilipwa pauni 50. Nembo ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kwenye santuri ya Sticky Fingers, ambayo jalada lake lenye zipu ya kweli lilitokana na wazo la Warhol, na matokeo yake ni kwamba hadi leo watu wengi husema ulimi ni wa Warhol. Kosa hilo linastahili kuchunguzwa badala ya kusahihishwa tu. Watu walipoona kitu kinachofanana na sanaa, walimpa msanii aliyekuwa karibu, wala hawakufikiri kwamba huenda ni kazi ya mwanafunzi.

Sasa tuje kwenye kile ambacho maonyesho hukifanya, na hapa sihitaji kwenda London. Katika Jumba la Makumbusho la Lamu, lile linalotazama bahari, siwa, yaani baragumu kubwa za sherehe, ni miongoni mwa vitu vinavyotajwa kwanza na kila anayelizungumzia jumba hilo. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, yenye urefu wa mita 2 hivi, na siwa ya Lamu ni ya shaba iliyomiminwa kwa ufundi wa kalibu ya nta. Ni ala za muziki, lakini vilevile ni nembo kwa maana iliyo kamili, kwani siwa ilipolia mji ulijua kuna mamlaka gani na kuna ukoo gani wenye sherehe, wala si kila mtu aliyeruhusiwa kupigiwa. Ilikuwa nembo iliyotambulishwa kwa sikio. Ikishawekwa ndani ya kabati la kioo, mgeni anaiona michongo ambayo wazee walioisikia harusini pengine hawakupata nafasi ya kuikaribia kiasi hicho, na asichokipata ni mlio. Kabati limempa jicho na kumnyima sikio.

Ubadilishanaji huo ndio kiini cha jambo lote. Nembo ya muziki hutengenezwa ili itambuliwe upesi, na mtu aliye mbali, katika mwanga hafifu, katikati ya kelele. Ukumbi wa sanaa unamtaka mtu huyo asimame, anyamaze, atazame polepole. Nembo iliyotundikwa humo hupoteza umati na sauti iliyoipa maana, na badala yake hupata vitu viwili. Kwanza hupata ukubwa wa kweli na makovu ya mkono, yaani pale brashi ilipotetereka na pale penseli ilipofutwa, ambavyo nakala milioni za fulana haziwezi kuonyesha. Pili hupata jina la aliyeibuni. Katika fulana ya nahodha jina la Pasche halimo popote, lakini katika jumba la makumbusho kibandiko cha maelezo kando ya mchoro huanza kwa jina hilo. Ninaona kwamba hili la pili ndilo kubwa, na ndilo ambalo muhtasari wa mwanafunzi wangu ulilipita mbio ukikimbilia masuala ya rangi na maumbo ya herufi.

Mpaka kati ya pande hizi mbili unakuwa mgumu kuuchora pale mtu mmoja anapofanya kazi pande zote. Msanii Raymond Pettibon alimbunia kaka yake, kiongozi wa bendi ya Black Flag ya California, nembo ya mistari minne myeusi iliyosimama, miwili ikiwa juu kidogo na miwili chini, mfano wa bendera inayopepea. Alichora pia mabango na majalada ya bendi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1991 alishiriki maonyesho ya Whitney ya New York yanayofanyika kila baada ya miaka miwili, na mwaka 2017 jumba la New Museum la jiji hilohilo lilimfanyia onyesho kubwa la kazi za maisha yake. Karatasi zilizowahi kubandikwa kwenye nguzo za umeme zikawa zimewekewa fremu. Mkono ni mmoja, wino ni uleule, na hakuna mtu anayeweza kunyoosha kidole kwenye mstari na kusema kwamba hapa usanifu umeishia na sanaa imeanza.

Kisa cha Joy Division, bendi ya Uingereza, kina utata wa aina nyingine. Jalada la Unknown Pleasures la mwaka 1979, lenye mistari myeupe iliyopindapinda kama vilele vya milima juu ya weusi mtupu, husifiwa kuwa ni kazi ya msanifu Peter Saville. Lakini mistari ile ni mchoro wa kisayansi wa mapigo ya mawimbi ya redio kutoka nyota iitwayo CP 1919, ambayo iligunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell Burnell alipokuwa mwanafunzi Cambridge, na mchoro wenyewe ulitoka katika tasnifu ya uzamivu ya Harold Craft ya mwaka 1970. Aliyeukuta katika kitabu cha elimu ya nyota ni mmoja wa wanabendi. Saville aliugeuza, kwani awali mistari ilikuwa myeusi juu ya karatasi nyeupe, akaupunguza, akauzungushia giza, wala hakuweka jina la bendi upande wa mbele. Je, nembo hiyo ni ya nani? Jibu la shule za usanifu ni kwamba kuchagua na kuweka mahali pake ni kubuni, na jibu hilo ndilo lilelile ambalo sanaa ya zama hizi imekuwa ikilitoa tangu msanii Marcel Duchamp alipopeleka beseni la mkojo kwenye maonyesho ya New York mwaka 1917. Hapa ndipo nembo ya muziki na ukumbi wa sanaa vinapokutana kwa hoja, wala si kwa bahati tu.

Mwanafunzi wangu hakuwa na mfano hata mmoja wa Afrika. Nilimtajia Lemi Ghariokwu wa Nigeria, ambaye kuanzia Alagbon Close ya mwaka 1974 alimchorea mwanamuziki Fela Kuti majalada 26 ya santuri, kila moja likiwa limejaa watu, polisi, maandishi na kejeli. Majalada hayo hayafuati kanuni ya nembo hata kidogo, kwa kuwa hayatambuliki kwa mtupo mmoja wa jicho. Husomwa kama gazeti. Mwaka 2003 New Museum iliandaa maonyesho kuhusu urithi wa Fela, na kazi za Lemi zikawamo pamoja na za wasanii wa zama hizi kutoka mabara mbalimbali. Kwangu mimi mfano huu unaonyesha kwamba kile kinachoingia ukumbini si lazima kiwe rahisi na cheusi na cheupe kama nembo za Waingereza na Wamarekani zinavyotufanya tuamini.

Na tukitaka kitu kisomwacho kama gazeti tunacho kabatini mwetu. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maandishi, ambayo zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuhamia za Kirumi. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zimebeba vilevile maneno "Mali ya Abdulla", ambayo wanawake wa Lamu huyatafuta dukani kabla ya kulisoma jina lenyewe, kwa kuwa yanawaambia kwamba nguo haichuji. Sifa ileile ambayo nahodha aliitoa kwa fulana yake! Kanga nayo imeshatundikwa ukutani: British Museum iliionyesha mwaka 2013 katika maonyesho ya nguo za Afrika, na sina shaka kwamba huko ilitazamwa kwa makini yasiyo na mtu wa kumpiga mwenzake kijembe.

Linabaki suala la umiliki, ambalo wanafunzi hulichukia na ambalo huwaumiza kuliko mengine. Mwaka 1967 santuri ya kwanza ya bendi ya The Velvet Underground ilitoka na picha ya ndizi ya Warhol, na upande wa mbele palikuwa na jina la Warhol bila jina la bendi. Mwaka 2012 wanabendi walienda mahakamani New York dhidi ya wakfu unaosimamia mali ya Warhol, baada ya ndizi hiyo kuanza kutumika kwenye bidhaa za watu wengine. Hoja yao ilikuwa kwamba picha ilichapishwa bila tamko la hakimiliki lililotakiwa wakati ule, kwa hiyo haikuwa na mwenyewe kama kazi ya sanaa, ila kwa miaka mingi ilikuwa imegeuka kuwa alama ya bendi. Kesi ilimalizwa kwa maelewano mwaka 2013, na masharti yake hayakutangazwa. Tunachokiona ni kwamba picha moja inaweza kuwa na wamiliki wa aina mbili kwa wakati mmoja: mwenye kazi ya sanaa, na mwenye alama inayowaambia wateja bidhaa imetoka kwa nani.

Sheria za Kenya hutenganisha haki hizo vilevile. Hakimiliki ya mchoro, inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, huanza mara tu mchoro unapokamilika na hudumu maisha yote ya mchoraji na miaka 50 baada ya kifo chake. Alama ya biashara lazima isajiliwe na KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwanda, hudumu miaka 10, na inaweza kufanywa upya kila inapokwisha. Lakini kuna kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ambacho kila msanifu angepaswa kukijua kabla ya kushika penseli: mchoro ukiagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa kwamba imehamia kwa aliyeuagiza, isipokuwa kama wawili hao wamekubaliana vingine. Kundi la taarabu la Malindi likimwomba mwanafunzi nembo, likamlipa nauli na chakula, wala pasiandikwe karatasi yoyote, nembo ni ya kundi. Mchoraji anabaki na haki ya kutambuliwa kwamba ndiye aliyeichora, jambo ambalo si dogo, lakini haliuzwi kwenye fulana. Mwanafunzi wangu alikuwa tayari ameshachora mbili kwa namna hiyo.

Kwa sababu hizo nilimshauri aache mpango wa kulinganisha nembo hamsini kwa rangi na maumbo, na badala yake achukue chache na kuifuata safari ya kila moja, akiuliza nani aliagiza, nani alichora, nani alilipwa nini, ilikaa juu ya kitu gani, nani aliitoa pale na kuitundika, na kibandiko kiliandikwa nini. Nilimshauri pia asiondoke Lamu bila kuwauliza wenye kaseti za zamani. Marehemu Zein l'Abdin alizaliwa hapa, na marehemu Juma Bhalo ni wa Malindi. Nyimbo zao zimezunguka pwani yote katika kaseti zilizonakiliwa majumbani, nyingine zikiwa na jina lililoandikwa kwa kalamu tu juu ya karatasi ya boksi. Mwandiko huo wa kalamu ndio ambao mwenye kaseti huutafuta usiku anapopapasa mkobani, kwa hiyo unafanya kazi ya nembo, ijapokuwa hakuna msanifu aliyeubuni wala ukumbi ulioutundika.

Onyesho lake la kumalizia masomo litakuwa na vitu sita, na kimojawapo ni fulana. Nahodha alikataa kuiuza, akakubali kuiazima. Rasimu ya kwanza ya kibandiko ilikuwa na jina la Pasche, mwaka 1970 na neno "London". Niliyoiona juzi inasema: mchoro wa John Pasche, 1970, pamba nyeusi, mtumba, imenunuliwa Usita wa Mui, Lamu, imeazimwa na nahodha wa mashua ya Shela, na itarudishwa kwake kabla ya Maulidi.